MBUZI MWENYE KUFUNGWA KAMBA ANAKULA NINI?



Wengi kati yenu mnajua habari ya ule mbuzi mweusi aliyekufa siku ya Jumapili nyuma ya kiwanja chetu cha mpira. Wengine walicheka. Wengine walisema kama mbuzi ni mbuzi tu, mwingine atazaliwa. Lakini yule hakuwa mbuzi tu. Alikuwa minervali ya mwenzetu. Mama yake alimleta mwanzoni mwa trimestri, angali mdogo, akapatana na masomo kama mbuzi atachungwa hapa pamoja na wengine wanne mpaka atakapofikia bei ya malipo. Na kazi ya kuwachunga ilitolewa kwetu sisi, makapita wa mwaka wa mwisho.

Tuliifanya namna hii. Kila asubuhi, mbele ya kengele, tuliwafunga kamba fasi moja, kwenye majani mafupi ya kando ya kiwanja. Umande ulikuwa bado mwingi. Hatukutaka kuchelewa kwenye mstari, basi tulipiga kijiti chini, tukafunga, tukakimbia. Jioni tuliwarudisha. Kwa macho yetu chakula kilikuwa kingi, maana kiwanja chote ni kijani. Kumbe mbuzi walikuwa wanakonda katikati ya majani.

Munganga wa nyama mwenye alikuja alifunua kope ya jicho la ule mweusi. Ndani ilikuwa nyeupe sawa karatasi. Chini ya taya kulikuwa uvimbe laini. Akatuuliza: «Vijana wangu, munamufunga wapi?» Tukamwonyesha. Akauliza tena: «Na kama hamungemufunga, yeye mwenyewe angekula nini?» Tulinyamaza. Tuko wafinalisti, tunajitayarisha kwa Ekzeta, lakini kwa ulizo hilo hatukuwa na jibu. Kisha siku mbili mbuzi alikufa.

Tangu pale tuliuliza wazee, tulisoma vitabu tulivyopata, tulirudi kwa munganga. Tunaandika hapa kile tulichojifunza, kwa sababu tunajua kama nyumba nyingi za Butembo na za Beni ziko na mbuzi aliyefungwa kamba karibu na njia, na mbuzi huyo ndiye kalamu, ndiye kiatu, ndiye trimestri ya mtu.

1. MBUZI SI NG'OMBE MDOGO

Kosa letu la kwanza lilikuwa kufikiri kama kila mnyama mwenye kucheua anakula sawa na mwenzake. Si hivyo. Ng'ombe anazungusha ulimi, anavuta majani mengi kwa mara moja, hachagui sana. Kondoo anakata majani mafupi karibu na udongo. Lakini mbuzi ni mchaguzi. Mdomo wake wa juu unatembea sawa kidole. Anaweza kuondoa jani dogo katikati ya miiba na kuacha miiba pale. Anasimama kwa miguu ya nyuma ili afikie tawi. Anauma hapa, anahamia pale, anarudi.

Watu wenye kuchunguza malisho wanafuata mbuzi porini na daftari mkononi, wanahesabu kila anapouma: mara ngapi kwenye majani ya chini, mara ngapi kwenye kichaka, mara ngapi kwenye mti. Kule kwenye vichaka vingi, mbuzi anatumia mara nyingi nusu ya wakati wake wa kula, ao zaidi, kwenye majani ya vichaka na miti. Majani ya chini anayachanganya na hayo. Wazee wetu waliliona jambo hili bila daftari. Muulize mzee yeyote aliyechunga embene kwenye milima ya Lubero angali mtoto: atakuambia kama mbuzi hakai fasi moja, mchungaji ndiye anachoka.

Kuchagua huko si kiburi cha mbuzi. Ndiyo namna yake ya kuishi. Majani machanga ya kichaka yana nguvu zaidi kuliko nyasi zilizokomaa, na yako juu, mbali na mavi na minyoo.

2. TUMBO LINALOJAA BILA KUSHIBA

Tumbo la mbuzi liko na vyumba vine. Chumba cha kwanza ni kikubwa kupita vingine vyote, sawa pipa la kuchachusha. Ndani yake wanaishi vidudu vidogo sana, bakteria na wengine, kwa mamilioni na mamilioni. Mbuzi mwenyewe hawezi kuvunja nyuzi ngumu za majani. Vidudu hivi ndivyo vinavyozivunja. Kisha mbuzi anapata nguvu kutokana na kazi yao, na hata vidudu vyenyewe vikishuka vyumba vya mbele vinasagwa na kuwa protini ya mwili wake. Basi mwenye kulisha mbuzi, kwa kweli analisha kwanza vidudu vya tumbo lake.

Na vidudu hivyo viko na sharti moja: vinahitaji protini. Majani yakiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, vidudu vinalegea, majani yanakaa tumboni siku nyingi, na mbuzi hawezi kuongeza mengine kwa sababu nafasi haiko. Mabingobingo machanga yanapita kipimo hicho vizuri. Mabingobingo yaliyozeeka, yenye shina gumu sawa mwanzi, yanashuka chini yake. Lakini majani ya miti kama kaliandra na lukena yanaweza kufika asilimia 20 na kupita.

Ndiyo sababu unaweza kuona mbuzi mwenye tumbo kubwa na mgongo wenye mifupa. Mwenye mbuzi anasema: «Ameshiba, tazama tumbo.» Tumbo limejaa kweli, lakini limejaa vitu visivyopita.

3. MINYOO INANGOJA CHINI

Sasa tuseme juu ya kilichoua mbuzi mweusi. Kuko mnyoo unaokaa katika chumba cha nne cha tumbo na kunywa damu. Mnyoo jike anataga mayai kwa maelfu kila siku. Mayai yanatoka na mavi, yanaanguliwa, na kisha kama juma moja, kukiwa na joto na maji, watoto wa mnyoo wako tayari kuingia katika mbuzi mwingine, ao katika mbuzi yuleyule. Wanapanda juu ya nyasi wakitumia maji ya umande, lakini hawapandi mbali. Wengi wanakaa katika sentimeta chache za kwanza juu ya udongo.

Fikirini sasa mbuzi wetu. Nyasi fupi, za chini kabisa. Umande wa asubuhi wa Butembo, tunaoujua sisi wote. Kijiti fasi moja, juma la kwanza, la pili, la tatu. Anakula pale alipokunya. Kama mtu angetaka kupanda shamba la minyoo, hangefanya kazi vizuri kuliko sisi.

Weupe wa kope ni upungufu wa damu. Uvimbe wa chini ya taya ni alama ya kama damu imekuwa maji. Alama hizi mbili kila mtu anaweza kuzitazama nyumbani, bila mashine na bila malipo. Ukiziona, usingoje Jumapili. Ita munganga wa nyama.

4. KAMBA SI DHAMBI, LAKINI NI DENI

Hatusemi kama watu waache kufunga mbuzi. Wangefanya namna gani? Butembo iko juu, karibu meta 1.800, na watu ni wengi. Milima ya kando ya muji imepandwa mikaliptusi, na mbuzi hapendi majani ya mikaliptusi. Hata nyasi za chini ya miti hiyo ni haba. Penye hapana mikaliptusi kuna maharagi, viazi, kabichi na mihogo ya jirani. Mbuzi mmoja aliyelegea kamba anaweza kuleta jamaa mbili mbele ya chefu. Tukishuka Beni, kilometa 54, kuna joto zaidi na majani yanakua upesi, lakini kuko mashamba ya kakao, na mwenye kakao hataki kuona mbuzi karibu na miche yake.

Tena kuko jambo lingine lenye linaumiza. Tangu mwezi wa kumi 2014 mauaji katika teritwari ya Beni yamewakimbiza watu wengi kutoka mashamba yao. Wenzetu wenye walitoka pande za Oicha na Eringeti wanajua: unakimbia na mtoto mgongoni, mbuzi anabaki. Wakifika muji hawana shamba wala malisho. Wakipata mbuzi mmoja wa kuanza naye tena, atafungwa kando ya njia, kwa sababu fasi nyingine haiko.

Basi kamba inalinda amani na majirani. Lakini tukimfunga mbuzi tumemnyang'anya kile alichokuwa anafanya mwenyewe: kuchagua, kuhama, kuinua kichwa kwenye tawi. Tumechukua kazi yake, inafaa tuifanye sisi. Hilo ndilo neno kubwa la makala haya. Mwenye kufunga kamba amekopa uhuru wa mbuzi, na deni hilo analipwa kwa majani yenye kubebwa kichwani. Wenye kupenda Maandiko watazame Mithali mlango wa 27, wataona kama jambo la kuangalia hali ya mifugo si geni.

5. KUMLETEA KILE ANGEKICHAGUA

Mbuzi wa kilo 20 anahitaji kila siku majani mabichi ya kama kilo 3 mpaka 4. Hilo ni fungu moja zuri la kubeba chini ya mkono. Si kazi ya siku nzima. Lakini fungu hilo liwe la mchanganyiko.

Kwanza, majani ya nguvu ya kazi: mabingobingo ao setaria, yakatwe yangali machanga, yasipite urefu wa kiuno. Yanapandwa kwenye mistari ya kuzuia udongo usishuke mlimani, basi shamba nalo linapata faida.

Pili, majani ya miti: kaliandra ao lukena. Hayo ni kama sombe na maharagi kwa mtu. Lakini yasipite theluthi moja ya fungu, maana yana vitu vyenye kusumbua tumbo ao mwili kama ni mengi mno.

Tatu, vitu vya nyumbani: kamba za viazi vitamu, maganda ya ndizi, majani ya migomba, maganda ya maharagi kisha kupura. Vitu hivi tunavitupa kila siku, na mbuzi amefungwa meta kumi kutoka pale.

Tundika fungu kwenye mti ao kwenye ukuta wa zizi, kwenye urefu wa kichwa chake. Ukilitupa chini atalikanyaga, atalikojolea, na mchaguzi hatalikula tena. Mtu anasema mbuzi wake ana kiburi, kumbe ana usafi.

Maji wengi wanayasahau. Wanasema mbuzi hanywi. Anakunywa, lita 2 ao zaidi kwa siku kama majani ni makavu ao jua ni kali. Na chumvi pia. Mababu zetu walivuka pande za ziwa Edward kutafuta chumvi ya Katwe, kule Uganda, na mifugo nayo ilifaidika. Leo chumvi iko kwenye kila butiki, na konzi ndogo haivunji nyumba.

Tena mujihadhari. Majani ya mti wa avoka ni sumu kwa mbuzi, na avoka iko kwenye kila kiwanja cha kwetu. Usimfunge chini yake. Majani ya viazi vya kizungu na viazi vilivyogeuka kijani, hapana. Majani ya mihogo michungu yanyaushwe kwanza kwenye jua, yasitolewe mabichi. Kitu chenye kuota ukungu, kitupwe kwenye jalala.

Na juu ya fasi ya kufunga: ngoja umande ukauke. Hamisha kijiti kila siku, na usirudi pale mbele ya majuma mengi kupita. Acha nyasi fupi kabisa. Afadhali zizi lililoinuliwa, lenye sakafu ya mbao zenye kuachana kidogo, mavi yaanguke chini na kwenda shambani.

6. HESABU YA MINERVALI

Wenzetu wa hesabu watapenda sehemu hii. Kitoto cha mbuzi wetu wa kienyeji, kisha kuacha kunyonya, kinaongeza mara nyingi kati ya gramu 30 na 60 kwa siku. Ni kitu kidogo, jicho haliwezi kukiona. Lakini tuchukue vitoto viwili vya kilo 8 kila kimoja, na siku 180. Chenye kuongeza gramu 30 kitapata kilo 5,4 na kufika kilo 13,4. Chenye kuongeza gramu 60 kitapata kilo 10,8 na kufika kilo 18,8. Kamba ni ileile, kijiti ni kilekile, miezi ni ileile. Sokoni mmoja anaitwa mbuzi, mwingine anaitwa kitoto.

Ili ujue mbuzi wako yuko wapi kati ya hao wawili, pima. Tunatumia mizani ya kutundika, ile ya wanunuzi wa kahawa na kakao, na gunia lenye kupasuliwa kama mkanda chini ya tumbo. Tunapima asubuhi kabla hajala, saa ileile, kisha majuma mawili tunapima tena. Toa uzito wa kwanza katika wa pili, gawanya kwa siku. Anayepima anajua mapema kama mbuzi amesimama, hangoji mifupa ionekane.

Tusimsahau mama mbuzi. Anabeba mimba siku 150, na kitoto kinakua sana katika majuma ya mwisho. Mama akikosa chakula wakati huo, kitoto kinazaliwa dhaifu na maziwa yanakuwa haba. Kulisha kitoto kunaanza kabla hajazaliwa.

7. WENGINE WALIFANYA

Mtu atasema: mambo haya ni ya vitabu. Hapana. Kule Tanzania, katika milima ya Uluguru, kuko fasi inaitwa Mgeta. Milima ni mikali, watu wanalima mboga kwenye mashamba madogo, karibu sawa na kwetu. Miaka ya 1980 walimu wa Chuo cha Kilimo cha Sokoine walipeleka kule mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwe. Malisho ya kutembea hayakuwa mengi, basi mbuzi walikaa katika vibanda vilivyoinuliwa, na watu waliwaletea majani. Nyumba zilipata maziwa, na mavi ya mbuzi yalirudi kwenye mboga. Hapa kwetu pia tuko na wa kuuliza: Université Catholique du Graben, iliyoanza Butembo mwaka 1989, inafundisha wanganga wa nyama.

Lakini tusidanganye mtu. Chakula kizuri hakizuii magonjwa yote. Ile tauni ya mbuzi na kondoo, yenye wanganga wanaita PPR, ilithibitishwa katika nchi yetu mwaka 2012 na ikaua mbuzi wengi. Dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wake. Kwa ugonjwa ule dawa ni chanjo. Wakitangaza chanjo katika mtaa wenu, peleka mbuzi, usiseme amenona.

8. MAMBO YETU SASA

Mbuzi wanne wanabaki. Wamepata dawa ya minyoo. Kijiti kinahama kila siku, na hawatoki mbele ya saa tatu. Tumepanda mstari wa kaliandra nyuma ya atelye. Tunaomba watoto wa mwaka wa kwanza wasiutumie kama njia ya mkato. Tumewapima mara mbili tu, basi hatuwezi kujisifu. Tutaandika vipimo kwenye ubao wa matangazo ili kila mtu asome na kutuuliza.

Juu ya mwenzetu aliyepoteza mbuzi: siku za Posho tumebeba matofali kwa mwashi mmoja wa mtaa, na tumelipa nusu ya kile kilichopotea. Nusu ingine tunaidaiwa bado. Mama yake alikuja, tukamwomba masamaha mbele ya walimu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: «Wanangu, mimi nilidhani wenye kusoma wanajua.» Hakukasirika. Tungependa angekasirika.

Sisi tutatoka mwisho wa mwaka, Ekzeta ikitusaidia. Mbuzi watabaki, na kamba pia. Zamu iko kwenye ukuta wa bweni. Wenye kutufuata, kila asubuhi mukishika kijiti, mujiulize lile ulizo la munganga: kama hatungemfunga, yeye mwenyewe angekula nini? Kisha muende mulitafute.

Ni sisi, makapita wa mwaka wa mwisho.